Mpaka wa Mbuga Hauzuii Maji

Wapo wadhanio kwamba mbuga ikishatengwa kisheria imeokoka. Saiwa, karibu na Kitale, ilitengwa mwaka wa 1974 ili kumhifadhi nzohe, swala aishiye vinamasini. Ni ndogo mno, takriban kilomita 3 mraba, nayo hutembelewa kwa miguu. Mgeni huvuka kinamasi juu ya njia za mbao akitazama ndege. Hata hivyo, Mto Saiwa hupita mashambani kabla ya kuingia mbugani, na udongo na mbolea zinazosombwa na mvua huishia humo. Basi mwalimu anayewapeleka wanafunzi Saiwa hana budi kuwaonyesha mashamba hayo pia. Mkulima asiyelima hadi ukingoni mwa mto ni mhifadhi sawa na askari wa mbuga.