Uvira: frigo yenye baridi kupita kiasi nayo ni mbovu

Malalamiko juu ya frigo katika mji wa Uvira ni yale yale: haitoi baridi, umeme umekatika, mota imeungua. Frigo inayotoa baridi kupita kiasi hailalamikiwi. Kutoka Kavimvira hadi Kalundu, mwenye frigo inayogeuza maji kuwa jiwe usiku mmoja huonwa kuwa na bahati, na majirani hupanga chupa zao kwake. Lakini frigo ya namna hiyo ni mbovu sawa na ile isiyotoa baridi, na kwa nyumba yenye mgonjwa wa sukari ni mbovu zaidi.

Mazoea haya hayakuja bure. Uvira inategemea umeme wa Mto Ruzizi, na kituo cha Ruzizi ya Pili pekee, kinachofanya kazi tangu 1989, kinagawanywa na Kongo, Rwanda na Burundi. Umeme ukirudi usiku, hakuna anayejua utakaa saa ngapi. Basi mama anayeuza maji baridi na barafu, au mwenye mukeke aliobaki sokoni, anazungusha kitufe cha frigo hadi namba ya mwisho, ili aweke akiba ya baridi kabla ya delestaji nyingine.

Hesabu hiyo ina ukweli nusu. Mota ya frigo ya kawaida ina mwendo mmoja tu: inawaka au inazimika. Namba 7 haiifanyi iende mbio kuliko namba 3. Inachobadilisha ni wakati wa kusimama. Kwenye 7 mota inachelewa sana kusimama, pengine haisimami kabisa, na kwa kuwa frigo nyingi za bei ndogo zina termostati moja kwa sehemu zote mbili, kinachogandisha samaki juu kinagandisha lengalenga na nyanya chini. Anayetaka akiba ya baridi afadhali ajaze sehemu ya juu chupa za maji. Barafu hiyo itashika baridi kwa saa nyingi umeme ukiondoka, hata kitufe kikiwa katikati.

Nyanya zilizoganda ni hasara ndogo. Insulini iliyoganda ni jambo lingine. Dawa hiyo, kabla ya kufunguliwa, hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda mara moja tu inapoteza nguvu na lazima itupwe. Ubaya ni kwamba macho hayatoshi kuitambua. Aina yenye rangi ya maziwa inaweza kuonyesha mabongebonge, lakini ile iliyo angavu kama maji inaweza kuyeyuka na kuonekana salama. Mgonjwa anajidunga kila siku, sukari inazidi kupanda. Nyumbani wanasema amekula vibaya. Kwenye kituo cha afya wanaweza kumwongezea kipimo. Kisha siku moja anapata chupa mpya iliyo nzima, anajidunga kipimo kile kile kilichoongezwa, na sukari inaanguka ghafla hadi anazimia. Nani atafikiria kuuliza kitufe cha frigo kilikuwa namba ngapi?

Tena mara nyingi frigo si ya mgonjwa. Ni ya jirani mwenye uwezo wa kulipa umeme, ambaye anaisaidia familia kwa moyo mwema huku akiendelea na biashara yake ya barafu. Biashara inataka namba 7, dawa inataka namba 2 au 3, na mwenye dawa ana haya kumwambia mwenye frigo apunguze. Jambo hilo lingemalizika kwa maneno mawili kama kuna mtu wa afya aliyeeleza sababu.

Kuna pia ubovu ambao kitufe hakiuponyi. Njia ya kwanza ya kuujua ni rahisi: kitufe kirudishwe hadi sufuri. Mota ikiendelea kunguruma, ama termostati imekwama, ama kuna mtu aliyeiruka. Na hapa mafundi wa mji wanahusika. Termostati ikifa na kipuri hakipatikani, fundi anaunganisha nyaya zake mbili moja kwa moja. Frigo inawaka, mteja anafurahi, analipa. Kuanzia siku hiyo mota haina wa kuisimamisha isipokuwa SNEL. Kwa friza ya samaki, inaweza kuvumilika kwa siku chache. Kwa frigo ya nyumbani ni kuharibu chakula, dawa na mota yenyewe, na fundi anayefanya hivyo bila kumwambia mwenye mali anamdanganya, hata kama alitaka kumpunguzia gharama.

Wakati mwingine kosa ni dogo zaidi. Termostati ina mkia mwembamba wa chuma unaogusa bamba la baridi, ndio unaohisi kama kumetosha. Frigo za okazioni hufika zimesafiri mbali, zimeinamishwa na kufunguliwa mara nyingi, na mkia huo unaweza kuwa umechomoka mahali pake. Fundi mwangalifu anaurudisha kwa dakika chache, bila kununua kitu.

Mtoto akipelekwa chanjo, dozi yake imetoka kwenye frigo yenye kipimajoto kinachosomwa asubuhi na jioni, kwa sababu wauguzi wanajua chanjo kama ile ya pepopunda huharibika ikiganda. Mama wa mtoto huyo, akiwa na sukari, anapewa insulini na kuambiwa tu: “Weka kwenye frigo.” Kanda ya afya ya Uvira haihitaji mfadhili ili kurekebisha sentensi hiyo. Mgonjwa aulizwe frigo ni ya nani, inagandisha au haigandishi, na kama hakuna ya kutegemea, aelezwe njia nyingine.

Njia nyingine ipo. Mwaka 2021, Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya utafiti uliotokana na kambi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya: insulini iliyokaa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4 ilibaki na nguvu yake. Chupa inayotumika, ikiwekwa kivulini ndani ya mtungi wa udongo wenye unyevu, iko salama kuliko ndani ya frigo inayogandisha, ilimradi muuguzi ajulishwe na tarehe ya kuifungua iandikwe.

Dawa ikibaki kwenye frigo, ikae katikati au mlangoni, ndani ya kisanduku kilichofungwa, isiguse ukuta wa nyuma. Na nyumba isiyo na kipimajoto inaweza kuweka glasi ya maji kando ya kisanduku usiku kucha. Ikiamka na utando wa barafu, chupa iliyolala humo isitumike tena. Ipelekwe kituoni asubuhi hiyo hiyo ibadilishwe.