Kabla ya Kwenda Dar es Salaam, Uliza Mtalala Wapi

Shule zinapokaribia kufungwa mwezi Juni, katika nyumba nyingi hapa kwetu Runzewe husikika mazungumzo ya namna moja. Baba ameuza mpunga au amepata kidogo katika dhahabu, mama ana akiba ya biashara yake ya vitenge, na watoto wanaulizia bahari. Uamuzi hutolewa: mwaka huu twende Dar es Salaam. Nauli huhesabiwa mpaka senti ya mwisho. Lakini swali moja husahauliwa, nalo ndilo kubwa: tutalala wapi?

Wengi hujibu upesi, "Si yuko mdogo wangu?" Hata mimi nilijibu hivyo zamani. Nilishuka mjini na mke na watoto watatu bila kumwarifu mdogo wangu, mfanyakazi wa kiwandani aliyepanga chumba na sebule huko Manzese. Alitupokea kwa bashasha, akatuachia kitanda. Tulikaa wiki mbili. Siku ya kumi niliamka alfajiri kwenda uani, nikamkuta amelala juu ya mkeka barazani kwa jirani, viatu vyake vya kazi amevifanya mto. Muda mfupi baadaye alijikung'uta akaenda zamu. Nilikuja kujua pia kwamba mkewe alikuwa akikopa unga dukani kwa ajili yetu. Hakuna aliyetamka neno. Heshima iliwafunga midomo, nami nikadhani ukimya ule ni raha.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mjini hakuna shamba. Maji, mkaa na mboga, vyote hununuliwa, na mshahara wa mwenyeji haukupangwa kwa ajili ya vinywa vitano zaidi.

Basi tupange mapema. Kwanza, tazama majira. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na bonde la Jangwani hufurika. Mwezi Juni joto hupungua, na mtoto wa bara hapati taabu sana usiku.

Pili, fikiria saa ya kufika. Safari inazidi kilomita 1,000, na basi linaloondoka alfajiri huweza kukufikisha usiku mwingi. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kiko Mbezi Luis tangu mwaka 2021, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Usiku huo si wa kutafuta nyumba ya ndugu kwa kuuliza njiani. Chukua chumba cha gesti karibu na kituo, watoto walale, asubuhi muingie mjini. Anayependa reli anaweza kushuka Dodoma na kupanda treni ya umeme, iliyoanza safari zake huko mwaka 2024.

Tatu, chagua mahali kwa kufuata shughuli zako. Dar es Salaam ni mji wenye historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko karibu na bandari. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Wajerumani wakahamishia makao yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Boma la Kale, Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Kivukoni na Makumbusho ya Taifa, linamotunzwa fuvu la kale lililopatikana Olduvai mwaka 1959, hufikiwa kwa miguu. Anayetaka kuyaona hayo na kununua bidhaa atafaa kulala Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza. Akumbuke tu kwamba huko kelele haziishi mapema. Magomeni ni patulivu zaidi, na usafiri wa Barabara ya Morogoro uko mlangoni.

Usilipe kabla ya kuona chumba. Tazama chandarua kama kimetoboka, fungua bomba uone kama maji yanatoka, jaribu kitasa, na uliza kama watoto wanahesabiwa katika bei. Anayeona gesti ni ghali na apunguze siku: siku nne za kulala kwa heshima ni bora kuliko wiki mbili za kumlaza mwenzako nje.

Je, tuwakimbie ndugu zetu? Hasha. Wapelekee habari mapema, uwatembelee Jumapili wakiwa hawana zamu, wala usiende mikono mitupu.

Mara ya mwisho nilipokwenda, nilichukua chumba Magomeni. Jumapili nikabisha hodi kwa mdogo wangu na mfuko wa mchele wa huku kwetu. Tulikula, tukazungumza mpaka jioni. Aliponisindikiza kituoni aliniuliza kwa uchungu kidogo, "Kaka, mbona hukulala kwangu?" Nikamwambia ninavikumbuka vile viatu. Alicheka, kisha akanyamaza, akanishika mkono mpaka gari lilipofika.

Ndugu msomaji, nakutakia safari njema.