Ukimpiga nje, mvute ndani

Sheria inayojulikana kuliko zote huku Goba haimo katika kitabu chochote cha serikali. Utaisikia kijiweni kwa bodaboda, utaisikia saluni, na zaidi utaisikia msibani, wanaume wakishakaa chini ya turubai na habari za Simba na Yanga zikishaisha. Inasema hivi: mwizi akikuingilia, mpige, akiangukia nje, mvute ndani. Maiti ikilala upande wa ndani wa geti, ulijihami. Ikilala barabarani, umeua.

Majuzi nimeisikia tena, kutoka kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa heshima zake, mwenye bastola na kibali chake. Nikamuuliza, "Sasa mzee, kama kweli ulikuwa unajihami, maiti unaiburuta ya nini?" Akacheka. "Mdogo wangu, wewe hujaibiwa bado."

Nimeibiwa. Mara ya kwanza betri ya gari, mara ya pili televisheni na mtungi wa gesi, sisi tumelala chumba cha pili. Naijua baridi inayokupanda mgongoni asubuhi unapoona nondo za dirisha zimepindwa. Najua pia kwamba huku kwetu nyumba zilitangulia, barabara na taa zikafuata kwa kuchechemea. Septemba 2022, Panya Road walipovamia nyumba kule Kawe na kumuua mwanafunzi, ni wachache waliolala vizuri kuanzia Tegeta hadi Kimara. Kwa hiyo hofu ya yule mzee siibezi hata kidogo. Ninachokipinga ni kule kuburuta.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, haimwambii mtu avumilie kuchinjwa. Inampa kila mmoja haki ya kujilinda, kumlinda mwenzake na kulinda mali. Inakubali hata kwamba kuna saa ya kuua: unapoona kifo kinakujia wewe au mwenzako, jeraha baya, ubakaji, utekaji, mtu anapovunja nyumba au kupora. Ila kuna kifungu cha 18B, ambacho pale msibani hakuna anayekitaja. Kinaruhusu nguvu ya kadiri, ile tu inayohitajika kuizuia hatari. Ukizidisha na mtu akafa, umetenda kosa la kuua bila kukusudia.

Neno geti halimo humo. Kijana amekukabili sebuleni na panga mkononi: mpige, huna deni. Kijana huyohuyo ametupa panga, anaparamia ukuta arudi alikotoka, amekupa mgongo: ukimpiga hapo una kesi, hata akiangukia katikati ya maua ya mama watoto. Na aliyekukaba barabarani, hatua mia kutoka kwako, akikaribia kukumaliza, unajihami palepale kwenye vumbi. Mwili wake huna haja ya kuuhamisha.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa turubai hawalijui. Ukisema mahakamani kwamba ulijihami, kazi ya kuthibitisha hailali mabegani mwako. Ni Jamhuri inayotakiwa kuonyesha, bila kuacha shaka ya maana, kwamba hukuwa ukijihami. Hiyo ni zawadi kubwa. Mvutaji anaitupa kwa mikono yake miwili. Damu imebaki kwenye changarawe, ganda la risasi liko mtaroni, visigino vya marehemu vimechora mistari hadi barazani. Askari wa upelelezi anachora ramani ya eneo, daktari anaandika risasi imeingilia wapi na kutokea wapi. Ulikuwa na hoja. Sasa una uongo wa kuutetea, tena ukiwa mahabusu, maana shtaka la mauaji ya kukusudia halina dhamana.

Msitu wa Pande hauko mbali na sisi. Wengi wa waliojenga huku baada ya 2010 hawajui kilichotokea mle, na wenye kujua wamechoka kusimulia. Usiku wa Januari 14, 2006, watu wanne walikufa kwa risasi za polisi: wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, na dereva teksi wa hapa Dar es Salaam. Polisi wakatangaza kwamba ni majambazi, wamepora fedha za kampuni, wamefukuzwa hadi kwenye ukuta fulani Sinza, wakarushiana risasi na askari, wakazidiwa. Kwa maneno mengine, askari walijihami.

Jiji wakati huo lilikuwa limechoshwa na ujambazi, na Rais Kikwete hata mwezi hakuwa ametimiza Ikulu. Hadithi ile ingepita kirahisi. Haikupita kwa sababu ndugu wa marehemu walikataa kunyamaza. Rais akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na tume ikakuta kwamba hapakuwa na kurushiana risasi. Wale watu walikamatwa Sinza wakiwa hai, wakapelekwa Pande, wakauawa huko wakiwa mikononi mwa waliowakamata.

Hapo ndipo ninapomkumbuka mzee wangu wa msibani. Kilichofanyika mwaka ule ni "mvute ndani" ile ile, ila imefanywa na watu wenye redio za upepo na magari ya serikali. Mauaji yalitolewa msituni, ambako hayakuwa na utetezi, yakahamishiwa ukutani Sinza, ambako yangekuwa nao.

Na tuseme ukweli, kilichokaribia kuwafanikishia uongo ule ni neno moja tu: majambazi. Mtu akishaitwa hivyo, maswali hukatika. Hatuulizi alipigwa akiwa wapi, wala mikono yake ilikuwa imeshika nini. Dereva teksi alikuwa amebeba abiria, basi.

Askari wakashtakiwa, na kesi ilikwenda polepole kama zinavyokwenda. Mwaka 2009 Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu aliwaachia Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, na wenzake wanane. Jamhuri ikakata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamwacha huru Zombe, ikamtia hatiani mmoja wa wale wanane, Christopher Bageni, peke yake na kumhukumu kunyongwa. Toka usiku ule ilikuwa imepita miaka kumi na miezi minane.

Majirani zetu Wakenya wana somo lao. Aprili 2005 Tom Cholmondeley, wa ukoo wa Delamere, alimuua kwa risasi ofisa wa wanyamapori aliyekuwa kazini kwenye shamba lao la Soysambu. Akasema alidhani ni jambazi, alijihami. Mashtaka yakaondolewa kabla ya kusikilizwa. Mei 2006, kwenye shamba hilohilo, akampiga risasi fundi mwashi naye akafa. Safari hii utetezi wake ulikuwa kwamba alilenga mbwa. Mwaka 2009 alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miezi minane. Sijui wewe unaonaje, lakini mimi naona kwamba kama ule utetezi wa kwanza ungepimwa mahakamani, huenda yule fundi angerudi kwake jioni.

Wataniambia haya ni maneno ya msomi, nisubiri nivamiwe. Sawa. Ila tuhesabu wanaoruka kuta za Goba usiku. Yumo mwizi, kweli. Yumo mlevi aliyechanganya nyumba, maana mageti yetu yote ni meusi na fundi wake ni yuleyule mmoja. Yumo kijana wa bodaboda anayegonga geti silo kwa sababu mtaa hauna namba. Yumo binti wa jirani yako aliyechelewa harusini, akapita kwenu kwa kumwogopa baba yake. Na yumo mtoto wa huyo mzee mwenyewe, ambaye namfahamu, na ambaye ukuta wa kwao ameshauruka mara nyingi kuliko mwizi yeyote wa mtaa huu. Siku mzee akimlenga kivuli gizani, atamvuta wapi?

Mwenye kibali cha silaha unayesoma hapa, kisome kifungu cha 18B kabla ya kuisafisha tena hiyo bastola. Hakifiki hata nusu ukurasa. Na ikitokea siku umefyatua, muache alipoangukia, usiguse kitu. Piga 112, mwite mjumbe wako, ukae hapohapo uwasubiri.