Keki ya ndege kabla ya viza

UNGO WA JUMATANO
Na Baba Sikazwe

Mtu haagwi kwa barua ya ajira. Nalisema mapema ili anayetaka kununa anune sasa, tuendelee.

Jumamosi nilikuwa ukumbini Chanji, anaagwa binti wa jirani, muuguzi aliyepata kazi katika hospitali moja Uingereza. Sare za kitenge zilikuwepo, MC aliletwa kutoka Mpanda, na keki ilikuwa na umbo la ndege. Bawa moja lilikatika kwenye bajaji, likaunganishwa kwa vijiti vya kuchokolea meno. MC akatuamuru tufunge mikanda. Wasomaji wangu wa siku zote wanajua kwamba, kwa mujibu wa ndugu zetu wa Dar, sisi wa Sumbawanga hatuhitaji ndege wala viza, ungo unatosha. Nikacheka na wenzangu, mpaka binti alipokuja mezani.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Viza imetoka lini?"

"Bado. Ila mwajiri ameshanipa namba ya udhamini."

"Kifua kikuu umepima?"

"Wakala amesema nitapima safari hiyohiyo ya alama za vidole."

"Cheti cha polisi?"

"Hicho nacho wakala anashughulikia."

"Na kazini?"

"Niliwapa notisi, baba mkubwa. Nimemaliza wiki iliyopita."

Pilau ilinikwama. Notisi ya mtu wa mshahara wa mwezi, kwa sheria ya kazi ya mwaka 2004, ni siku 28. Maana yake binti alikwenda kuaga kazini barua ya Uingereza ikiwa bado ya moto kwenye simu, na sasa hana mshahara wa huku wala wa kule.

Namba ile ya udhamini ina miezi 3 tu. Mwajiri akishaitoa, ombi la viza lisipowasilishwa ndani ya muda huo namba imekufa, na mwajiri aanze upya, akipenda. Cheti cha kifua kikuu kinadumu miezi 6. Kwa hiyo anayejipanga hupima kwanza, kwenye kliniki wanayoikubali Waingereza, ndipo amwambie mwajiri alete namba. Picha ya kifua ikitiliwa shaka, makohozi hupelekwa kuoteshwa, na majibu yanaweza kuchukua wiki 8. Toa wiki 8 kwenye miezi 3, halafu weka safari ya basi ya kilomita zaidi ya 1,000 kwenda Dar kuweka alama za vidole, maana vidole havitumwi kwa WhatsApp. Hapo ndipo zinaanza kuhesabiwa wiki 3 za kungoja uamuzi, mambo yakienda sawa.

Nikamuuliza la fedha. Waingereza wanataka waone pauni 1,270, kama milioni nne za kwetu, zimetulia benki siku 28 mfululizo, isipokuwa mwajiri awe amethibitisha kwenye udhamini kwamba atakutunza mwezi wa kwanza. Amethibitisha? Binti hajui. Akiba yake je? Akageuka kuutazama ukumbi. Akiba ilikuwa imekaa pale pale: viti vilivyovalishwa vitambaa, spika mbili, na ile ndege. Kamati ilikusanya ahadi, fedha taslimu akatoa yeye.

Simlaumu. Nalaumu ukoo. Mtoto akitaja Ulaya tu, kila salamu inakuwa "unaondoka lini?" mpaka anaacha kazi kwa aibu ya kuonekana bado yupo. Ugonjwa huu tumeuokota kwenye maharusi, pamoja na sare na MC. Wenzetu wa Unguja wanaokwenda Muscat huondoka kimya, jirani akajua siku ametumiwa picha. Na sisi hatukuwa hivi. Wazee wa Ufipa walifukia majani kwenye matuta ya intumba masika haya ili wale ulezi msimu ujao, na sijasikia hata mmoja aliyealika watu kwenye ugali siku ya kufukia.

Wakala naye nimeshamfahamu. Yuko karibu na stendi, na kwake kila kitu ni "wiki mbili tu, mama." Naambiwa bado anapokea fomu za vijana wanaotaka kwenda kulea wazee huko huko Uingereza, wakati mlango huo ulifungwa kwa waajiriwa wapya kutoka nje tangu tarehe 22 Julai 2025. Mwenye mtoto aliyejaza fomu hiyo akadai fedha yake leo, asingoje kesho.

Sasa mwenyekiti wa kamati, mjomba wa binti, ananipigia simu kutwa akidai ahadi niliyoiandika kwenye kadi. Mjomba, ahadi ile nimeshailipa. Nimempa binti mkononi, nauli ya kwenda kupima kifua. Deni la spika muulize MC, maana ndiye pekee aliyepata ajira kwenye safari hii.