Mke mgeni aombe uraia lini?

Bibi harusi anapoingia Korogwe kutoka Taveta au Voi, mawifi na mashangazi humfundisha mengi ndani ya wiki moja: chai ya mama mkwe, siku za gulio, zahanati iliyo karibu. Jambo moja husahaulika. Hakuna anayemuuliza kibali chake cha kuishi nchini kinaisha lini. Ameolewa, anazungumza Kiswahili, keshokutwa atazaa. Ukoo mzima unamhesabu Mtanzania.

Sheria haihesabu hivyo. Watu wa Handeni wanalijua hilo kuliko wengi, kwa sababu ya majirani zao wa Chogo. Mababu wa Wazigua wale walichukuliwa utumwani hadi Somalia katika karne ya 19. Vita vilipoisambaratisha Somalia mwaka 1991, wajukuu walikimbilia Tanzania, wengi wakiwa bado wanazungumza Kizigua. Hata hivyo waliishi kama wakimbizi miaka mingi, hadi mwaka 2014 zaidi ya 1,500 kati yao walipopewa uraia. Ikiwa damu na lugha havikutosha bila karatasi, pete nayo haitoshi.

Kwa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania, Sheria ya Uraia imeacha mlango wazi: anaweza kuomba wakati wowote katika uhai wa mume wake. Hahitaji kusubiri miaka saba. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Yeye hupita njia ya wageni wote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua saba. Lazima pia ajue Kiswahili au Kiingereza na awe na mwenendo mwema. Kwa baba wa namna hiyo, swali la lini hujibiwa na kalenda, na kila muhuri wa pasipoti ni ushahidi wa kutunza.

Kwa mke, swali ni zito zaidi, kwa kuwa mlango uko wazi lakini una gharama. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Aliyezaliwa Mkenya atalazimika kuukana uraia wa Kenya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu kuuomba tena baadaye, lakini akiurudisha anapoteza wa Tanzania. Kwa hiyo asiombe kwa sababu wifi amesema, wala kwa hasira ya kusumbuliwa na foleni za vibali. Ajiulize kwanza: ana shamba la urithi kwao? Ana mzazi mgonjwa anayehitaji aende akakae naye miezi? Ndoa yenyewe imetulia kiasi gani? Mwenye majibu yanayoyumba anaweza kuendelea na kibali cha ukaazi, mradi akihuishe kabla hakijaisha.

Kosa lipo katika kuahirisha bila kuamua. Chukua familia iliyojenga nyumba Korogwe kwa jasho la wawili, mume akiendesha lori, mke akiuza vitenge. Siku mume akipata kiharusi, hawezi kuongea wala kushika kalamu. Ndipo cheti cha ndoa kinatafutwa chini ya sanduku, na pengine inagundulika kwamba ndoa ilifungwa lakini cheti hakikuchukuliwa. Maneno ya sheria, katika uhai wa mume, yanaanza kusomeka kwa hofu wodini. Nyuma yake kuna suala la ardhi: asiye raia haruhusiwi kumilikishwa ardhi nchini isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mama aliyebeba matofali kichwani anaweza kujikuta hana sauti juu ya kiwanja hicho.

Watoto wasitumike kumharakisha. Mtoto aliyezaliwa Tanzania, ambaye baba au mama yake ni raia wa Tanzania, ni raia kwa kuzaliwa. Hategemei ombi la mzazi wa pili. Anachohitaji ni cheti cha kuzaliwa chenye majina sahihi ya wazazi wote wawili. Kikifuatwa mapema, wakati kadi ya kliniki bado ipo, usumbufu unapungua.

Basi wakati mzuri ni upi? Ni pale wawili wakiwa wazima, cheti cha ndoa kipo mkononi, kibali kiko hai, na mke ameshaamua kwamba uzee wake utakuwa hapa. Mume na mke waende pamoja ofisi ya Uhamiaji ya wilaya, waulize fomu, ada na viambatisho vya sasa, na wapewe risiti kwa kila malipo. Uamuzi wa mwisho ni wa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, na subira itahitajika.

Mazungumzo yenyewe hayana ada. Yanaweza kuanza leo usiku, watoto wakishalala, kwa swali dogo: cheti chetu cha ndoa kiko wapi?