MTANGAZAJI WA MPIRA, KAZI YAKO NI KUNIONESHA MPIRA, SIO KUNIPIGIA KELELE

Najua leo nitachambwa kwenye komenti, ila potelea mbali, lazima niseme.

Juzi kati nilikuwa Likunja kwa babu. Namungo wanacheza ugenini, tumekaa chini ya mkorosho na redio yake ya betri. Mtangazaji (simtaji jina, mnamjua, ana wafuasi kibao Insta) anasalimia marafiki zake, anasifia viatu vyake, anacheka na mwenzake. Mpira uko wapi? Hatujui. Ghafla, "Gooooooli!"

Babu akaniuliza, "Kafunga nani, mjukuu wangu?"

Nikabaki natoa macho. Dakika nzima imepita hata timu iliyofunga hatujaijua.

Babu akatikisa kichwa. "Enzi za Jongo usingekosa jibu."

Anamsema Ahmed Jongo wa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwa sisi tuliozaliwa na rimoti mkononi, nikumbushe tu: Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Kwa hiyo Taifa Stars walipokwenda AFCON 1980 kule Lagos, au Simba walipotinga fainali ya Kombe la CAF 1993 na Stella Abidjan, mtu wa Ruangwa macho yake yalikuwa ni redio. Mtangazaji akikosea jina, wilaya nzima imekosea.

Ndio maana wale jamaa walikuwa wanakwambia mpira uko upande gani, nani kaugusa, anampa nani, zimebaki dakika ngapi. Babu anasema ukifumba macho unaliona goli la kaskazini na la kusini, na yeye Uwanja wa Taifa hajawahi kuukanyaga! Kwenye kazi hiyo ndiko walikopita kina Tido Mhando, ambaye baadaye alikuja kuwa bosi wa BBC Swahili na wa TBC, na Charles Hilary, aliyeanzia RTD akapita Radio One, BBC mpaka Azam. Hilary ametutoka Mei 2025. Nilisoma "pumzika kwa amani" nyingi sana siku ile. Ila nikajiuliza, ni wangapi kati yetu wana hata dakika tano za mpira alioutangaza?

Sasa kinachoniuma mimi kama mtu wa Kusini ni hiki. Namungo wamepanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20. Februari 2021 wakawapiga Primeiro de Agosto ya Angola 6-2, wakaenda makundi ya Shirikisho. Usiku mkubwa kuliko wote kwenye historia ya timu yetu, na mechi ikachezwa Dar! Sisi tuliobaki huku tulikuwa tunategemea sauti ya mtu. Makundi tukafungwa mechi zote sita, sawa, lakini nayo ni historia yetu. Kesho mwanangu akitaka kuisikia, ataisikia wapi?

Halafu ukisikiliza baadhi ya watangazaji wa sasa, Namungo ni "timu iliyocheza na Simba" au "timu inayokutana na Yanga". Wachezaji wetu hawana majina, wana namba za jezi tu.

Najua mtasema, "We mshamba, nunua king'amuzi." Sawa, kifurushi utanilipia wewe? Na yule dada anayepalilia ufuta, na bodaboda anayesubiri abiria Nachingwea stendi, nao wabebe televisheni mgongoni?

Sikatai mbwembwe. Jongo na wenzake nao walikuwa na mbwembwe zao, ila walizitia juu ya mpira, sio badala ya mpira. Chumvi haipikwi peke yake.

Ombi langu ni dogo. Redio za huku Lindi, chukueni kijana mmoja mwenye sauti na jicho, mfundisheni, mumpe mechi za Majaliwa hapa Ruangwa. Na kila mechi irekodiwe, itunzwe. Wazee wanaokumbuka wanaondoka na kumbukumbu zao.

Tulipozima redio babu alisema, "Tumefungwa au tumefunga?" Ilibidi niingie mtandaoni kuangalia.

Haya, dondosha komenti: mtangazaji gani wa redio amewahi kukuonesha mpira ukiwa umefumba macho?