"Ntu" si Neno

Imezuka desturi miongoni mwetu walimu wa Kiswahili ya kuandika ubaoni "Ntu", kwa herufi kubwa, na kuwaambia wanafunzi kwamba hiyo ndiyo nguvu kuu iliyomo katika kila kilichopo, na kwamba babu zetu walilijua neno hilo. Hawakulijua. Mzee gani wa Goma, Gitega au Kigali alipata kulitamka peke yake? Ni mzizi tu. Bila kiambishi hausimami, kama "-zuri" isivyosimama.

Chanzo chajulikana. Padri Placide Tempels, aliyefanya kazi Katanga, alidai mwaka 1945 kwamba kwa Wabantu kuwapo ni kuwa na nguvu. Mwaka 1956 Padri Alexis Kagame wa Rwanda, kwa uangalifu mkubwa zaidi, aligawa vilivyopo katika mafungu manne kwa kufuata sarufi ya Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Kisha mwaka 1958 Mjerumani Janheinz Jahn akaitukuza "ntu" kuwa nguvu ya ulimwengu mzima. Twamkariri Jahn, huku tukidhani twamsikiliza babu!

Hata mafungu ya Kagame hayakai sawasawa katika Kiswahili. Mtu tunaye, kitu tunacho. Ahantu yetu iko wapi? Twasema "mahali", neno lililotoka Uarabuni. Je, Mswahili hakuwa na fikira ya mahali mpaka jahazi lilipotia nanga? La hasha! Jina liligeuka, lakini hapa, huku na humu zimebaki zikitenda kazi yake, tena kwa upambanuzi ambao wanafunzi wetu huutafuta bure katika Kifaransa. Basi fikira haikujificha ndani ya mzizi ikingoja kuchimbuliwa.

Neno linalostahili kufundishwa ni "utu", kwa kuwa lasemwa. Na hapo ndipo penye kazi halisi ya mwalimu wa Rwanda na Burundi, kwani mwanafunzi wake hulifananisha upesi na "ubuntu" la kwao, ambalo hasa ni ukarimu. Kitu cha "ku buntu" ni kitu cha bure. Lakini tajiri aweza kugawa mali bure bila chembe ya utu, na maskini asiye na cha kutoa akawa nao tele. Kinyarwanda kina "ubumuntu", lililo karibu zaidi na utu wetu. Ni wangapi kati yetu waliouliza hayo kabla ya kushika chaki?